Tone la Mchuzi na Mche wa Udongo

Mpishi akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi, hudondosha tone moja kiganjani, akalilamba, akaamua. Hakuna anayemwambia kuwa tone si sufuria. Lakini haki ya tone lile kuisemea sufuria nzima haitokani na ukubwa wake. Inatokana na mwiko uliozunguka kabla yake. Mwiko usipopita, chumvi hulala chini, mafuta huelea juu, na tone huwa shahidi wa pale lilipochotwa tu. Swali la kale la wanafalsafa, kwamba sehemu ina ruhusa ya kusema nini juu ya kitu kizima, limo humo kiganjani. Nalileta hapa kwa sababu ipo kazi moja ya siku hizi inayoliuliza kwa nyundo.

Kazi hiyo ni kuchukua udongo wa chini kwa kusukuma bomba moja kwa moja ardhini. Mtambo uliofungwa nyuma ya lori, au unaotembea kwa minyororo kama buldoza, hulilalia bomba la chuma kwa uzito wake na kulipiga kwa nyundo ya haidroliki mpaka lizame. Hauzungushi kekee wala hauachi kichuguu cha kifusi pembeni. Udongo hujisogeza kulipisha bomba, na ule ulio mbele ya mdomo wake huingia ndani, katika mrija wa plastiki ya kuonea wenye urefu wa meta moja na kitu. Mrija ukishavutwa juu hupasuliwa kwa wembe, na hapo unalala mche wa udongo, mnene kama mpini wa jembe: kahawia juu penye mizizi, kisha mchanga wa manjano, kisha ukanda wa mfinyanzi wa kijivu usiozidi upana wa kidole, na labda harufu ya mafuta ya taa. Wachunguzi wa ardhi iliyochafuliwa wanaipenda njia hii kwa kuwa ni ya haraka na haipandishi taka za kwenda kutupwa tena. Ilienea Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya sheria ya mwaka 1980 iliyodai maeneo yaliyozikwa sumu yasafishwe. Kwenye mwamba na mawe makubwa inagota, lakini hilo ni la mafundi, tuwaachie.

Tufanye hesabu ndogo. Miche 100 yenye kipenyo cha sentimeta 4 ikichukuliwa katika hekta moja, inagusa sehemu moja tu kati ya kama 80,000 za uso wa kiwanja. Uchache huo peke yake haunitishi. Tone la mchuzi nalo ni dogo vivyo hivyo mbele ya sufuria yake. Kinachotisha ni kwamba ardhi haikorogwi. Chukua trikloroethilini, kiyeyusho kilichotumika sana viwandani kuondolea grisi kwenye vyuma. Ni kizito kuliko maji. Kikimwagika hakitandi sawasawa: hushuka kwenye nyufa na mishipa ya mchanga, hufika juu ya mfinyanzi kikatuama kama dimbwi, kisha huteleza kufuata mteremko wa mfinyanzi huo, ambao huenda ukawa kinyume kabisa na mteremko wa uwanja tunaoukanyaga. Mche mmoja utanuka. Wa pili, hatua mbili kando, utakuwa safi. Methali yetu kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza iliwahusu samaki wa tenga moja, wanaogusana na kuambukizana. Matabaka ya ardhi hayamo tengani.

Tena shahidi huyu hupigwa kabla ya kusema. Bomba likisukumwa meta 1.2, mrija unaweza kurudi na sentimeta 90 tu: udongo laini umeshindiliwa, au kitonge kigumu kimeziba mdomo na kilichofuata kikasukumwa kando. Aina ya udongo unaijua, kina chake hasa unakikisia. Mafundi wana majibu yao, kama kupitisha bomba ndani ya bomba ili kuta zisibomoke, au kuziba mdomo kwa pistoni mpaka kina kinachotakiwa kifikiwe. Ni majibu mazuri, ila hayamalizi mambo. Bomba lililopenya mfinyanzi ambao siku zote uliizuia sumu isishuke, limeifungulia mlango, na ndiyo maana tundu hujazwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Hapa kuuliza kwenyewe kunaweza kubadilisha jibu la kesho.

Wanazuoni wa fikihi walilifikia jambo hili kwa njia yao. Kule kufuatilia kimoja kimoja mpaka kupata hukumu ya vyote walikuita istikraa, wakaigawa: iliyo kamili, iliyopitia vyote, huleta yakini, iliyo pungufu, iliyopitia baadhi, huleta dhana. Dhana hapa si kubahatisha. Ni kuelemea upande mmoja kwa ushahidi, na inatosha kutendea kazi. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, aliweka vipimo vya hedhi kwa istikraa hiyo pungufu, uchache wake siku moja na usiku wake, wingi wake siku 15, na ibada zinaendeshwa kwa vipimo hivyo hadi leo. Basi sisemi kwamba mche wa udongo hauna thamani. Una thamani ya dhana, na kosa huanza pale ripoti inapoandika "eneo ni safi" badala ya "katika matundu haya, kwa vina hivi, hatukukuta kitu". Mche mmoja wenye sumu unatosha kuthibitisha kuwa sumu ipo. Mia iliyo safi haitoshi kukanusha. Anayeilinganisha mizani hiyo kwa nguvu amechukua kutojua akakuvisha kanzu ya kujua kwamba hakuna.

Mtakwimu atanipinga kwamba yeye anao mwiko wake, nao ni kura. Akichagua pa kushusha bomba kwa kura badala ya kufuata palipo rahisi kwa lori, amekoroga, si ardhi, bali uchaguzi wake. Ni kweli, na ni uvumbuzi mkubwa. Lakini kura hujibu vizuri zaidi swali la wastani, na mwenye nyumba iliyo juu ya dimbwi halali juu ya wastani. Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, inaonyesha. Tangu mwaka 1942 kampuni ya Hooker Chemical ilizika takriban tani 20,000 za kemikali katika mfereji ulioachwa bila kumalizika, na mwaka 1953 ikaiachia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola moja. Dharura ilitangazwa mwaka 1978. Shirika la serikali la mazingira likakusanya maelfu ya sampuli, za udongo, maji na hewa, na mwaka 1982 likatoa ripoti ya kutuliza nyoyo. Mwaka uliofuata ofisi ya bunge la Marekani ya kutathmini teknolojia iliipitia, ikasema taarifa zilizopo haziruhusu kusema kuwa kuna sumu ya kiwango cha hatari, wala kuwa haipo. Jibu hilo halikumfaa mtu aliyetaka kujua alale wapi usiku ule. Kwangu ndilo lililokuwa na adabu ya elimu.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya fikihi yenyewe. Asili ya ardhi ni tohara. Watu hutayamamu kwa udongo bila kuupeleka maabara, na yakini haiondolewi kwa shaka. Kwa nini basi mwenye kiwanja abebeshwe mzigo wa kuthibitisha usafi? Nakubali, kwa kiwanja kisicho na habari yoyote. Palipo na daftari la kiwanda, au ushuhuda wa kibarua aliyebingirisha mapipa, yakini imeshahama, na kwa kanuni ile ile usafi ndio unaotakiwa sasa kuletewa ushahidi. Katika fikihi ya Kishafii, nguo iliyoingiwa na najisi na mahali pake pasijulikane haitoshi kunuswa pembe mbili tatu, hufuliwa yote. Ardhi haifuliki yote, na hapo mfano unachechemea. Lakini unaonyesha kipi kinatangulia. Habari ya kibarua ndiyo inayoliambia bomba pa kushukia, na mche ukirudi safi, habari ile haijafutika. Fundi anasogeza lori hatua chache, anashusha bomba tena.