Haki ya Kasuku Ajinyonyoaye Manyoya

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewapa ndege mbawa na akampa mwanadamu akili, na twamwombea rehema na amani Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baada ya hayo: katika mas'ala ambayo watu huyadharau kwa kuyaona madogo, pana hili la mtu aliyefuga kasuku, akampa tundu zuri na sahani iliyojaa mbegu, kisha akamwona ndege wake anajinyonyoa manyoya kwa mdomo wake mwenyewe hata kifua kikabaki ngozi tupu, na kulla chakula kizuri apewacho hukitupa chini. Mwenyewe husema: "Nimemlisha, nimemnywesha, ana nini tena? Huyu ana deko na kiburi." Jee, mtu huyu ametoka katika deni la ndege wake? Hilo ndilo suala letu.

Kufuga ndege si haramu kwa nafsi yake. Wanazuoni wameitolea dalili khabari ya mtoto mdogo Abu Umair, nduguye Anas, aliyekuwa na kijindege akicheza nacho, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali alimliwaza kwa upole kilipokufa. Ibn al-Qas, katika wanazuoni wa Kishafii, aliiandikia khabari hiyo kitabu, akatoa ndani yake faida 60. Lakini ruhusa hii haikuja peke yake. Pamoja nayo iko khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, wala hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie mwenyewe. Izingatie khabari hii, ndugu yangu. Kosa la mwanamke yule ni kwamba aliifunga njia ya paka ya kujitafutia, kisha yeye mwenyewe asisimame mahali pa njia ile. Na hapa ndipo asili ya mas'ala yetu: kulla mlango uliomfungia kiumbe, yakupasa umfungulie mwingine badala yake.

Imamu Nawawi naye, katika Minhaj, amebainisha kwamba chakula na maji ya mnyama ni lazima juu ya mwenyewe. Akikataa, hulazimishwa: aliye halali kuliwa, amlishe, au amuuze, au amchinje. Na asiyeliwa, amlishe au amuuze. Na kasuku, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu, haliwi. Basi hapana njia ya tatu: au usimame na haki yake, au umtoe mkononi mwako.

Sasa na tutazame ni milango gani tuliyomfungia kasuku. Yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayependwa kwa usemi wake, asili yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, hata Kongo na Uganda. Huko huruka kwa makundi, hulala kwa makundi, na sehemu kubwa ya mchana wake hupita katika kutafuta chakula: kupanda, kuchagua, kupasua na kumenya. Na akili yake si haba. Bibi Irene Pepperberg wa Marekani alimsomesha kasuku mmoja, jina lake Alex, tangu mwaka 1977 hata alipokufa mwaka 2007. Akawa ajua majina ya vitu zaidi ya 50, na rangi, na hisabu hata sita. Kiumbe mwenye akili kama hiyo tumemtia ndani ya waya, chakula kiko chini ya mdomo wake, kazi hana, mwenziwe hana, na siku ni ndefu. Mdomo ulioumbwa kupasua makokwa ukikosa la kupasua, hurudi juu ya mwenyewe.

Haya si maneno ya kudhani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza mwaka 2003 jinsi walivyowagawa kasuku wachanga mafungu mawili. Fungu moja waliwapa vitu vya kupandia na chakula cha kutafutwa kwa kazi. Fungu la pili wakawaacha na matundu makavu. Wa kwanza manyoya yao yalisalimika, na wa pili yaliharibika. Kisha wale wa pili nao walipopewa kazi kama wenzao, hali yao ikatengenea. Chakula kilikuwako pande zote mbili. Kilichokosekana ni kazi.

Lakini mtu asifanye haraka akasema kulla anyonyokaye ana uchovu wa moyo. Kwanza na apambanue. Kupukutika manyoya kwa majira yake ni ada ya ndege wote, na mapya huonekana yakichomoza. Ama akiwa kifua na mapaja yako wazi na kichwa kimesalimika, ujue ni kazi ya mdomo wake, kwani kichwani mdomo haufiki. Na ikiwa kichwa nacho ni kitupu, basi ni mwenziwe amnyonyoaye, au ni maradhi. Na hata ajinyonyoaye mwenyewe huenda ana maumivu: ugonjwa wa ngozi au wa ini, au sumu ya zinki aliyoipata kwa kutafuna waya. Kwa hivyo mwenye ndege huyu hana budi kuanza kwa daktari wa wanyama. Kumtibu kwa kubahatisha ni dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Maradhi yakiisha kuondoshwa, na atazame maisha ya ndege. Jee, hupata maji ya kuogea, au ya kunyunyiziwa kama mvua? Jee, hulala saa 10 hata 12 penye giza na kimya, au taa na mazungumzo humkesha? Jee, hupata jua la asubuhi? Jee, hukaa penye moshi? Moshi wa sigara au wa udi, ambao kwetu ni manukato, kwake ni mateso ya pumzi. Na mvuke wa vyombo vya kisasa vya kukaangia visivyogandisha chakula, vikipata moto kupita kiasi, humuua mara moja. Kisha na ampe kazi: vijiti vya mpera vyenye maganda yake, makumbi ya nazi, mbegu zilizofungwa ndani ya karatasi. Na ampe nafsi yake pia, akae naye na kusema naye kulla siku. Ama kumpigia kelele anapojinyonyoa, hakufai kitu: huenda ikamzidisha khofu, au akajifunza kwamba akijinyonyoa ndipo bwana wake humjia.

Hapa tumefika kwenye chakula, na hapa ndipo wengi hudhani kwamba wana huruma. Husema: "Mimi humpa akipendacho. Yeye mwenyewe amechagua alizeti na njugu, na mboga hazitaki." Twajibu: Nani aliyemzoeza alizeti? Mbegu zile zina mafuta mengi, na vitamini A na kalsiamu ndani yake ni haba. Akikosa vitamini A, ngozi yake na utando wa kinywa na wa njia ya pumzi huharibika, na manyoya hudhoofika. Na kasuku wa kijivu khasa, akipungukiwa na kalsiamu, huweza kushikwa na degedege. Basi hao ni watu wa mlango mmoja: ukaidi wa kula na kujinyonyoa manyoya mara nyingi ni ndugu. Walii wa yatima hasemi, "Nilimpa halua kwa kuwa aliipenda," akahisabiwa kuwa ametimiza amana. Kumpa aliye chini yako kila akitakacho ni kujipumzisha wewe, wala si kumrehemu yeye.

Mwingine atasema: "Basi nitamnyima mbegu mpaka njaa imlazimishe." Hili nalo ni ovu, kwani ndege hana akiba ya kuvumilia njaa, na huweza kufa mbele ya chakula asichokitambua kuwa ni chakula. Njia ya haki ni ya katikati, nayo yataka subira ya wiki, pengine ya miezi. Asubuhi, njaa ikiwako, atangulizwe mchicha, karoti, boga, papai, au pilipili, ambayo ndege haimwashi. Baadaye ndipo apewe mbegu kwa kadiri. Vitu vikatwe vidogo vichanganywe na mbegu, na mbegu zipunguzwe kidogo kidogo. Mwenyewe na ale mbele yake, kwani kasuku hufuata kundi, na kundi lake sasa ni wewe. Na ampime kwa mizani kulla siku: kasuku wa kijivu ni gramu 400 na zaidi, ikipungua sehemu moja katika kumi, asimame, arudi kwa daktari. Na ajihadhari na parachichi, chakuleti, kahawa na chumvi nyingi, maana hivyo ni sumu kwake.

Pengine utayafanya yote haya, na manyoya yasirudi. Shina la nyoya likinyofolewa mara nyingi hufa, na mazoea ya miaka hayaondoki kwa siku. Hapo ndipo nia ya mtu hujulikana. Aliyemfuga kwa uzuri wake atamwona sasa ni aibu barazani, amsukume pembeni. Na aliyemfuga kwa amana atajua kwamba haki ya ndege haikuwa katika manyoya yake, wala haikuanguka pamoja nayo. Huyu ndiye mwenye kutaraji ujira uliotajwa kwa kulla chenye ini bichi.

Na wewe ambaye huna kasuku, fikiri kabla hujanunua. Wengi wao walinaswa mwituni, na wengi walikufa njiani kabla ya kufika sokoni, hata mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016 yakakubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaotolewa porini. Tena ndege huyu huishi miaka 40 na zaidi, huenda akakuzika. Basi aliye naye na amwandike katika wasia wake, ajulikane ni nani atakayempokea, kama waandikwavyo walio na haki juu yetu.

Kasuku tumemfundisha kutoa salamu, naye huitoa. Ama maumivu yake hatukumfundisha neno la kuyatajia. Manyoya yaliyo chini ya tundu ndiyo mashtaka yake, na ambaye mashtaka haya yamemfikia, hana tena udhuru wa kusema hakujua.

Wabillahi tawfiki.