Kifo cha Askari na Msamaha wa Dhambi

Swali la iwapo dini inaweza kukibariki kitendo cha kuua ni la zamani kuliko Ukristo wenyewe, lakini vita kamili ambavyo Urusi iliianzishia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 vimelirudisha kwa uzito usio wa kawaida, kwa kuwa katika pande zote mbili waumini walio wengi ni Waorthodoksi, yaani Wakristo wa mapokeo ya mashariki waliotengana na Roma katika karne ya 11, na wote huuhesabu ubatizo wao tangu mwaka 988, mtawala Vladimir, ambaye Waukraine humwita Volodymyr, alipoipokea imani hiyo na kuwabatiza watu wa Kyiv. Anayelirusha kombora na anayejificha chini ya ardhi mjini Kharkiv ili lisimpate huenda wanasali sala zilezile na kuwaomba watakatifu walewale.

Tarehe 21 Septemba 2022 serikali ya Urusi ilitangaza kuwaita vitani askari wa akiba 300,000, na siku nne baadaye Kirill, Patriarki wa Moscow, yaani askofu anayeliongoza Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, alihubiri kwamba askari anayekufa akitimiza wajibu wake wa kijeshi anajitoa sadaka, na kwamba sadaka hiyo humwosha dhambi zote alizozitenda. Maneno haya yana uzito kuliko faraja ambayo mchungaji yeyote huwapa wafiwa. Katika mafundisho ya Kikristo dhambi huondolewa kwa ubatizo, kwa toba na kwa neema itokanayo na kifo cha Kristo mwenyewe. Anayekiongeza hapo kifo cha uwanja wa vita anatunga fundisho jipya juu ya wokovu, na hapa lilitungwa katika wiki ambayo maelfu ya vijana walikuwa wakipima waende vitani au waikimbie nchi.

Fundisho hilo linapaswa kupimwa kwa kipimo ambacho Kirill mwenyewe hukikubali, nacho ni mapokeo, yaani urithi wa mafundisho na desturi za mababa wa Kanisa ambao Waorthodoksi huushika pamoja na Maandiko. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika karne ya 4, aliandika barua ambazo baadaye zilipokelewa kuwa kanuni, yaani sheria za Kanisa, na katika kanuni yake ya 13 anakiri kwamba waliomtangulia hawakumhesabu anayeua vitani kuwa sawa na muuaji, kwa kuwa waliona anautetea uadilifu na ucha Mungu. Hata hivyo anashauri kwamba askari huyo, maadamu mikono yake si safi, akae miaka mitatu bila kuipokea Ekaristi, yaani mkate na divai vinavyotolewa kama mwili na damu ya Kristo. Basili hamlaani askari wala hamtukuzi. Anamwona kama mtu aliyefanya jambo ambalo huenda halikuepukika, na ambaye bado ana kitu cha kulilia.

Wapo waliouona ushauri huo kuwa mkali mno, wakiwamo wafafanuzi wa sheria za Kanisa wa karne ya 12, Zonaras na Balsamon, waliohoji kwamba askari aliye vitani kila mara asingeipokea Ekaristi maisha yake yote. Lakini kanuni yenyewe ilibaki vitabuni, na kuna wakati ilifanya kazi kubwa. Katika karne ya 10 Kaisari Nikephoros Phokas wa Bizanti, mtu wa vita aliyeyapa majeshi yake ushindi mwingi, alilitaka Kanisa liwatangaze askari wake waliokufa vitani kuwa mashahidi, yaani watu waliouawa kwa ajili ya imani na wanaostahili heshima ya watakatifu. Patriarki Polyeuktos wa Constantinople na maaskofu wake walikataa, na hoja waliyoishika ni kanuni ya Basili: anayezuiwa kuikaribia meza ya Bwana kwa sababu ya kuua hawezi kuitwa shahidi kwa sababu hiyohiyo. Jambo ambalo Patriarki wa Constantinople alimnyima kaisari aliyekaa mji mmoja naye, Patriarki wa Moscow amelitoa zaidi ya miaka 1,000 baadaye.

Chanzo cha tofauti hiyo ni fundisho liitwalo Russkiy mir, yaani Ulimwengu wa Kirusi, linalosema kwamba Warusi, Waukraine na Wabelarusi ni watu wamoja wa kiroho, ambao Moscow ina haki ya kuwaweka pamoja. Mwezi Machi 2022 mamia ya wanateolojia wa Kiorthodoksi walitia saini tamko la kulipinga, wakilihusisha na uzushi uliolaaniwa na mtaguso wa Constantinople mwaka 1872, ule wa kulijenga Kanisa juu ya taifa au kabila. Moscow haikurudi nyuma. Mwezi Machi 2024 baraza kubwa la watu wa Urusi linaloongozwa na Kirill liliviita vita hivi vitakatifu.

Haki inadai kwamba kipimo hikihiki kiwekwe upande wa pili. Anayemzuia mvamizi mlangoni pa nyumba yake hafanani na aliyevuka mpaka kwenda kuivunja, na nadharia ya vita vya haki, ambayo mwanateolojia Thomas Aquinas aliifunga katika masharti ya mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema, inampa Mukraine nafasi ambayo Mrusi hana. Hata hivyo Basili angemshauri naye atubu, na Kanisa lolote litakalomwambia hana cha kulilia litakuwa limemnyima dawa.

Hata ndani ya Kanisa la Kirill kuna aliyekataa: Kasisi Ioann Koval wa Moscow alipewa sala ya kumwomba Mungu ushindi, naye akalitoa neno ushindi na kuweka amani. Mwaka 2023 alivuliwa upadri, na mwaka huohuo Patriarki Bartholomew wa Constantinople akamrudishia. Kwa Kirusi amani ni mir, neno lenye matamshi yaleyale na lile lililomo katika Russkiy mir.

Jambo hili limefika hadi Afrika. Patriarki wa Alexandria, ambaye Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini yake, alilitambua mwaka 2019 Kanisa huru la Ukraine, lisilo chini ya Moscow, na tarehe 29 Desemba 2021 Moscow ikajibu kwa kuunda jimbo lake la Afrika, ikipokea mapadri 102 kutoka nchi nane, wengi wao wa Kenya, ambao wakaanza kulitaja jina la Kirill katika ibada. Wiki nane baadaye vita vikaanza. Mapadri hao waliapa utii kwa Kanisa lenye kanuni ya 13 ya Basili ndani ya vitabu vyake; basi na wamwulize Patriarki wao, kwa barua na kwa heshima yote inayomstahili, ni baba yupi wa Kanisa aliyefundisha kwamba kifo cha vitani huosha dhambi.