Mwanga Bila Chanzo

Anayetaka kuchora kwa kompyuta chumba cha nyumba ya Malangali, Sumbawanga, kionekane kama picha ya kamera, lazima kwanza aamue mwanga unatoka wapi. Jua huchorwa kama duara lenye upana wa takriban nusu digrii angani, ndiyo maana kingo za vivuli hufifia. Lingekuwa nukta tu, vivuli vingekatika kama kwa wembe. Anga la huko Ufipa nalo huchorwa kama kuba linalong'aa, maana ndilo linalomulika dirisha lililolipa jua mgongo. Kisha programu hufuatilia miali ikigonga sakafu, ukuta na dari. Mwaka 1986 mtaalamu wa michoro ya kompyuta James Kajiya aliyafunga yote haya katika mlinganyo mmoja: mwanga unaotoka mahali ni ule panaoutoa penyewe, jumlisha ule panaouakisi kutoka kwingine.

Ndani ya mlinganyo huo naiona hoja ya mwanateolojia Thomas Aquinas wa karne ya 13, kwamba msururu wa vitu vinavyoazima nguvu haujitoshelezi, lazima pawepo kisichoazima, yaani Mungu. Ondoa jua na anga, acha kuta ziakisiane bila kikomo: jibu ni giza tupu, hata ziwe kuta elfu. Mpinzani atasema jua hilo limewekwa na mchoraji, na jua halisi nalo lina sababu yake, haidrojeni inayogeuka heliamu. Ni kweli, ila hapo swali limesogezwa tu, halijajibiwa. Pingamizi zito liko kwenye hisabati yenyewe. Giza lile huja kwa sababu kila ukuta, hata wa chokaa nyeupe, hufyonza sehemu ya mwanga. Chumba kilichofungwa, chenye kuta zisizofyonza chochote, kingeweza kubaki na mwanga milele bila taa wala jua. Basi anayemtetea Aquinas ana deni la kuonyesha kwamba kuwepo kwa vitu hupungua kama mwanga ukutani. Na tangu Newton tunajua kuwa mwendo, walau, hauhitaji msukumo wa kudumu. Hata hivyo, kwa chumba hicho mlinganyo hukubali mwanga hafifu na mkali sawasawa. Hausemi kwa nini uwe huu na si ule. Swali hilo, ambalo mwanafalsafa Leibniz alilishikilia, halijazimwa na pingamizi lolote kati ya haya. Wahubiri wanaotaka kumtetea Muumba kwa akili waanzie hapo, waache kututisha na msururu usio na mwisho.