Ukosefu wa Kazi na Mgawanyo wa Hatia katika Mji wa Lubumbashi

Anayeujua mji wa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, hawezi kuikubali kwa urahisi kauli kwamba ukosefu wa kazi huzaa uhalifu, wala hawezi kuikataa kabisa. Mji huo, ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulijengwa kwa ajili ya shaba, na kuanzia mwaka 1928 kampuni ya Union Minière ilifuata sera iliyoitwa uimarishaji, yaani kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto wake badala ya kumleta kwa mkataba mfupi na kumrudisha kijijini. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali, nayo ikadai utii kamili. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walimiminiwa risasi na askari. Hata hivyo watu wa kambini waliiita kampuni hiyo baba na mama, na Gécamines, iliyoirithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilirithi pia jina hilo pamoja na wajibu uliofungamana nalo.

Wajibu huo ulivunjika hatua kwa hatua. Uzalishaji wa shaba, uliokuwa umepita tani 470,000 katikati ya miaka ya 1980, ulitikiswa na kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na uporaji wa mwaka 1991, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 haukufika tani 30,000. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara, na mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya 10,000 kati yao waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja akipewa kitita kimoja cha kufungia hesabu ya maisha yake yote ya kazi. Ni vigumu kuona hiari iko wapi kwa mtu ambaye kubaki kwake kazini hakumpatii hata unga.

Kama kukosa kazi peke yake kungetosha kumfanya mtu mwizi, basi mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi isingekalika. Yaliyotokea ni mengine: wake wa wafanyakazi waliingia sokoni, wakauza makaa, mboga na samaki wakavu, wengine wakalima pembezoni mwa mji, na watoto wakawa ndio wanaowalisha wazazi, hali ambayo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliiandikia kitabu juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Hapo ndipo uhusiano wa ajira na uhalifu unapoonekana vizuri zaidi. Njaa haikuwageuza watu kuwa majambazi. Kilichoondoka ni mamlaka ya mzazi, kwa sababu baba asiyeleta kitu nyumbani hawezi kumuuliza kijana wake fedha zimetoka wapi, na nyumba isiyoweza kuuliza swali hilo imepoteza mlinzi wake wa kwanza.

Wakati huo huo mstari wa sheria wenyewe ulikuwa ukihama. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilimruhusu mchimbaji wa mkono kufanya kazi kwa kadi maalumu na katika maeneo yaliyotengwa tu, ilhali ardhi yenye shaba na kobalti ya maana imo karibu yote mikononi mwa Gécamines na kampuni zilizoshirikiana nayo. Kijana anayeingia usiku katika eneo la kampuni na kutoka na gunia la mawe ni mhalifu mbele ya mlinzi wa mgodi, lakini asubuhi, mawe yaleyale yakishafika kwenye depo ya mnunuzi, yanakuwa bidhaa halali. Pale depo mnunuzi huelekeza kwenye jiwe kifaa ambacho wachimbaji hukiita Metorex, kinachosoma kiasi cha madini yaliyomo, na bei hukatwa kwa namba ambayo muuzaji hana njia ya kuihakiki. Malalamiko kwamba namba hiyo hupunguzwa yamezagaa Katanga nzima. Mahakama humkuta yule wa gunia, na kwa nadra humkuta yule wa kifaa.

Hata uhalifu wa halaiki haukutoka chini peke yake. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga na nyumba zao zikaporwa, na ingawa waporaji wengi walikuwa vijana wasio na kazi, waliowafundisha kumwita jirani mdudu na kuamini kwamba ndiye aliyewanyang'anya ajira walikuwa viongozi wenye vyeo na magari. Aristotle alikwisha kuonya kwamba maovu makubwa hutokana na tamaa ya kupita kiasi, si na haja, kwa kuwa hakuna anayekuwa dikteta ili ajikinge na baridi. Desemba 2022 kampuni ya Glencore ilikubali kuilipa serikali ya Kongo dola milioni 180 kwa ajili ya madai ya rushwa, nayo ikaendelea kuchimba. Machi 2024 serikali hiyohiyo ikatangaza kurudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, na miongoni mwa waliolengwa ni majambazi wa mijini waliosababisha mauti. Damu ya mtu haipimwi kwa hongo, na ulinganisho huu haukusudii kumpunguzia muuaji uzito wa tendo lake. Unaonyesha tu kwamba tabaka la mtu haliamui kama ataiba, bali huamua wizi wake utamalizwa kwa mazungumzo au kwa kitanzi.

Dini zimelifikiria jambo hili kwa kina kuliko mahakama nyingi. Thomas Aquinas alifundisha kwamba anayechukua cha mwenzake katika dhiki ya kufa hajaiba, kwa sababu katika hali hiyo mali huwa ya wote. Khalifa Umar alikwenda mbali zaidi: katika kisa kilichopokewa na Imamu Malik, watumwa wa mtu aitwaye Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja, na Umar, alipotambua kwamba bwana wao alikuwa akiwashindisha na njaa, aliiondoa adhabu juu yao na kumtoza bwana mara mbili ya bei ya ngamia. Fundisho la Aquinas linaishia kwa mwenye njaa. Hukumu ya Umar inamtafuta aliyesababisha njaa hiyo, na papo hapo haimsahau aliyepoteza ngamia. Kijana anayevunja mlango kwa silaha Katuba hawezi kujificha nyuma ya hukumu hiyo, maana hachukui chakula cha kumwokoa na kifo, na anayemdhulumu ni maskini mwenzake. Lakini nafasi ya Hatib haiko wazi Lubumbashi: wamo walioikalia, waliopokea kazi ya watu kwa miaka thelathini wakawaacha bila malipo kamili, na wafanyakazi wa zamani wa Gécamines wameandamana mara nyingi wakidai salio la haki zao, huku mwanamke wa Katuba aliyevunjiwa mlango akiwa hana hata mahali pa kupeleka dai la ngamia wake.