Je, Safari Iliyopangwa ni Deni?

Huku kwetu Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, baridi ya Juni huwakusanya watu motoni, na penye moto hapakosi mazungumzo. Mwaka huu sisi walimu tumezungumza sana juu ya safari ya kwenda kisiwa cha Unguja. Hamu hiyo si ya ajabu: sisi ni watu wa nchi ya juu, na bahari twaifundisha kwa ramani tu. Basi tulikuwa wanne, tukaweka mfuko mmoja, kila mtu akitia sehemu yake kila mwezi: nauli ya basi hadi Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam, nauli ya boti, na posho ya njiani.

Siku ilipokaribia, mmoja wetu aliomba arudishiwe fedha yake, maana mtoto wa dada yake amelazwa hospitali, na hana mwingine wa kumtazamia. Hapo ndipo lilipozuka swali. Wengine walisema, "Ahadi ni deni. Gharama tulizopanga kugawana wanne zitatulemea watatu. Akitoka yeye, ametuzuia sote."

Twakiri kwamba neno hilo lina nguvu. Mtu avunjaye ahadi kila apatapo udhuru hawezi kuaminiwa na wenzake. Wala hatusemi kwamba kutembea ni kosa, kwani kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini na tupime. Deni huwa deni kwa sababu mwenzangu atapata hasara nisipolipa. Hasara yetu ni nini? Ni furaha iliyocheleweshwa. Hasara ya mtoto yaweza kuwa uhai wake. Furaha hungoja, ugonjwa haungoji.

Mtu atajibu, "Kwa hoja hiyo hakuna atakayesafiri kamwe, maana wagonjwa hawaishi duniani." Twajibu kwamba hatukuamriwa kubeba mizigo yote ya dunia, ila ule uliotuliwa mlangoni petu, ambao tusipoubeba sisi hakuna mwingine wa kuubeba. Naye aliyetoka ana wajibu wake: kuwaarifu wenzake mapema, bila kuficha sababu, wala asione haya kuomba radhi.

Twakumbuka habari ya ndugu wawili wa Ubelgiji. Mwaka 1863 padre Pamphile alikuwa tayari kwenda visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki, akashikwa na ugonjwa. Mdogo wake, Damien, akaomba aende badala yake. Alifika Honolulu mwaka 1864, na mwaka 1873 akaenda Molokai kukaa na wenye ukoma, hata akafa kwa ugonjwa huo mwaka 1889. Sisi si watu wa kiasi chake; lakini twajifunza kwamba shauri la safari ni mtumishi wa wanadamu, si bwana wao.

Tena, tungekwenda Unguja kutazama nini? Huko Mkunazini liko kanisa kuu ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita hata hapa Ufipa. Watu wale hawakupanga safari yao, wala hakuna aliyeuliza kama mtoto aliyefungwa njiani ni mgonjwa. Ingekuwa aibu kwetu kusimama mahali pale na kuwahurumia waliokufa zamani, hali tumempita aliye hai kwa ajili ya nauli.

Basi tulimrudishia mwenzetu fedha yake yote. Mmoja wetu angali anasema kwamba tumemlegezea, nasi hatukumnyamazisha. Tulitaka kuahirisha safari hadi likizo ya Desemba, lakini mama mmoja mzee alituuliza, "Na mashamba yenu mmemwachia nani?" maana huo ni mwezi wa kazi ya jembe. Kwa hiyo tutangoja Juni ijayo, baada ya mavuno, na mfuko umeanza tena kwa watu wanne. Tuandikapo haya mtoto angali hospitalini. Mwenye shauri lililo bora kuliko letu na atuandikie.