Nyaya za Bei Kubwa na Masikio ya Mnunuzi

Tumeulizwa na ndugu mmoja miongoni mwa wanaohudhuria darsa letu suala ambalo kwa dhahiri ni dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa. Watu wa mtaa wake wamekusanya michango ya kununua vipaza sauti vya msikiti. Muuzaji amewashauri wachukue nyaya ambazo bei yake yashinda bei ya vipaza sauti vyenyewe, kwa madai kwamba kwa nyaya hizo sauti hutoka safi zaidi. Wajumbe wamegawanyika mafungu mawili, na wengine hawaamkiani tena. Je, yafaa kutoa mali hiyo?

Twajibu kwamba kabla ya kulihukumu jambo yapasa kulijua. Kazi ya waya ni kuchukua umeme kutoka kwenye mashine hadi kwenye spika. Kila waya huuzuia umeme kidogo, na kizuizi hicho huzidi kwa urefu wa waya na kwa wembamba wake. Waya wa shaba nyekundu wenye unene wa milimita za mraba 2.5, ukienda mita 10 na kurudi, una kizuizi cha kadiri ya omu 0.14, na spika nyingi zina omu 8. Hasara hiyo haifiki sehemu 2 katika 100, wala sikio haliihisi. Ama waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba, ukivutwa mita 30 hadi ua wa nje, hupoteza njiani kadiri ya sehemu 20 katika 100 za nguvu. Basi asemaye kuwa nyaya zote ni sawa amekosea, na asemaye kuwa bei ndiyo itengenezayo sauti amekosea vile vile. Kinachotakiwa ni unene, na unene hauna bei ya ajabu.

Wauzaji hutaja fedha na dhahabu. Ni kweli kwamba fedha hupitisha umeme vyema kuliko shaba, lakini kwa sehemu chache tu katika 100, na shaba iliyonenepa kidogo huifikia. Dhahabu iko chini ya shaba. Fadhila yake ni kwamba haishiki kutu. Sisi watu wa pwani twaijua chumvi ya bahari na ulaji wake, kwa hiyo plagi iliyopakwa dhahabu kidogo ina maana. Waya wa maelfu hauna.

Katika mwaka 2007, Mmarekani James Randi, aliyekuwa mashuhuri kwa kufichua madai ya uwongo, aliahidi dola 1,000,000 kwa atakayethibitisha kwamba nyaya za spika zilizouzwa dola 7,250 zilikuwa bora kuliko nyaya za kawaida. Jaribio lile halikufanyika, na mapesa hayakupata mwenyewe. Hatusemi kuwa hiyo ni hoja tosha, kwani jaribio lisilofanyika halithibitishi kitu.

Ndipo tukajaribu sisi wenyewe. Tuliazima waya mmoja wa bei kubwa, tukatia na mwingine wa kawaida ulio sawa nao kwa unene. Kijana mmoja wa darsa, mwenye masikio mazuri na ambaye aliusifu sana ule wa ghali alipouona, tulimkalisha nyuma ya pazia. Tukacheza kisomo kile kile mara 20, tukibadilisha nyaya kwa kurusha sarafu. Alipatia mara 11. Hata aliyelala usingizi angepata karibu na hapo.

Wala kijana yule hakuwa mwongo. Alilisikia alilolisema, lakini lilitoka katika macho yake na katika bei aliyoambiwa, halikutoka katika waya. Hapa ndipo penye mazingatio. Ni mambo mangapi tunayoyashikilia, tukaapa kwamba tumeyaona, na hali tumeyapokea kwa sababu ya ukubwa wa aliyetuambia?

Huenda mtu akasema, "Mbona mwanunua kanzu za darizi na majoho ya bei kubwa?" Twasema kwamba darizi ipo katika nguo, na mkono wa fundi waonekana, mnunuzi hupata alichoambiwa. Anayenunua waya kwa mali yake, akijua kuwa anunua uzuri wa umbo lake, amepata alichokitaka, nasi twamkumbusha israfu tu. Lakini mali ya michango si yake mjumbe. Mna ndani yake senti za mchuuzi wa samaki na za mjane; hiyo ni amana, na amana haitolewi kwa dhana.

Ama muuzaji, ikiwa yajua bidhaa haina tofauti naye akasema inayo, huo ni ulaghai. Ikiwa yeye mwenyewe yuasadiki, basi na aruhusu mnunuzi ajaribu pasi na kuona, na airudishe asiporidhika. Mkweli hachelei jaribio.

Shauri letu ni hili: nunueni shaba iliyo nene, kazeni viungo vizuri, ziwekeni spika pahali pasipo mwangwi, na mapesa yatakayobaki yatieni katika tangi la maji ya udhu. Kisha amkianeni, kwani waya haukustahili kuwafarikisha ndugu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.