Hofu ya Baba kwa Binti Yake

Hapana mtu apataye mtoto asiyepata pamoja naye mambo mawili: tumaini na hofu. Mambo haya ni pacha, na huzaliwa siku moja na mtoto mwenyewe. Lakini desturi imetufunza kuyapanga kwa namna mbili. Mtoto akiwa wa kiume, tumaini hutangulia na hofu hufuata. Akiwa wa kike, hofu hutangulia. Mimi nimejaliwa binti mwaka huu, naye hajatimiza siku arobaini. Wazee waliokuja kunipa mkono wa heri walinipongeza kwa neno la kwanza, na kwa neno la pili wakanionya: binti anataka kuangaliwa. Nadhani hapana baba wa binti asiyeambiwa maneno hayo. Swali ninalotaka kulipima hapa ni hili: Je, hofu ya baba kwa binti yake ni upendo, au ni kitu kingine kilichovaa nguo za upendo? Na ikiwa ni upendo, yampa baba haki gani juu ya maisha ya binti?

Tuichunguze kwanza hofu yenyewe. Maradhi, ajali na ufukara huogopwa kwa mtoto ye yote, awe wa kiume au wa kike. Tukiyatoa hayo, hofu inayobaki, ambayo ni ya binti peke yake, si ya simba wala ya bahari. Ni hofu ya watu; na kwa usahihi zaidi, ni hofu ya wanaume. Baba humwogopa kijana wa njiani, mwalimu asiye na haya, tajiri mwenye ahadi nyingi na mume mwepesi wa kupiga. Anawajua watu hawa vizuri kwa kuwa amekua pamoja nao, na mizaha yao ameisikia. Basi hofu yake ni ushahidi, na shahidi ni mwanamume mwenyewe. Ajabu ni kuwa shahidi huyu hamshitaki mkosaji. Mtaa ukiwa na mbwa mkali, mwenye mbwa ndiye huambiwa amfunge. Katika jambo hili sisi huwafunga wapitao njia.

Kufunga huku si kwa mlango tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18, na umri wa kuolewa kwa mwanamke kuwa miaka 15. Binti asiyetimiza miaka 18 alitakiwa apate kwanza ridhaa ya baba yake, au ya mama yake ikiwa baba amekufa. Yaani ufunguo uliwekwa mkononi mwa baba kwa kudhaniwa kuwa atautumia kumlinda mwanawe. Wako walioutumia kwa tamaa ya mahari; lakini wako pia walioutumia kwa hofu. Waliogopa binti asije akapata mimba nyumbani na kuleta aibu, wakaona heri aibu izuiwe kwa ndoa. Hivyo mtoto alitolewa kwa mwanamume ili aepukane na wanaume. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Siitaji habari hii ili kuwahukumu wazazi waliokuwa na hofu ya kweli. Naitaja kwa sababu yaonyesha kuwa hofu ya kweli yaweza kuzaa dhuluma ya kweli.

Mtu atasema: ulimwengu haungojei wanaume watengenezwe, binti yu hapa leo, na hatari i hapa leo. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Baba asiyemwonya binti yake juu ya mto wenye mamba si mpenda uhuru, ni mzembe. Lakini kuonya ni jambo moja, na kuzuia ni jambo jingine. Onyo humwongezea binti maarifa, na maarifa huenda naye popote aendapo. Kizuizi humwongezea baba mamlaka, na mamlaka hayo hayamfai binti siku baba asipokuwapo. Siku hiyo haina budi kuja. Umri wangu umepita miaka arobaini. Binti yangu atakapoufikia umri huu, mimi nitakuwa mzee sana au marehemu.

Waliotutangulia katika lugha hii waliijua siku hiyo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake maarufu kwa ajili ya binti yake yapata mwaka 1858, naye akafariki yapata mwaka 1860. Mna katika mashauri yake utii kwa mume ambao wasomaji wengi wa leo huubishia. Hata hivyo, mama yule alimwachia mwanawe maneno, yaani kitu ambacho binti aweza kukifikiri, kukikubali au kukikataa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Hakudhani kuwa mwenye haja ya maonyo ni binti peke yake. Methali husema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa mvulana asiyefunzwa, ada ya mafunzo hayo mara nyingi hulipwa na binti wa mtu mwingine.

Tumaini nalo lahitaji kupimwa. Baba hutumaini kwa mtoto yale aliyoyakosa yeye: elimu ya juu zaidi, cheo, safari, jina. Nami natumaini binti yangu apende vitabu. Lakini hofu ikiweza kumfanya binti mfungwa, tumaini laweza kumfanya mtumishi wa ndoto isiyo yake. Mtoto hakuja duniani kulipa madeni ya baba yake.

Basi baba atajuaje kama hofu yake ni upendo? Nadhani kipimo ni kuuliza ni nani anayelipa gharama yake. Ikiwa gharama yote hulipwa na binti, kwa shule aliyonyimwa, kwa safari aliyokatazwa na kwa sauti aliyofundishwa kuishusha, hofu hiyo ni raha ya baba tu, ijapokuwa huitwa malezi. Ikiwa baba naye hulipa, kwa kumkemea rafiki yake mbele ya watu, kwa kumfunza mwanawe wa kiume haya na heshima, kwa kuirudisha posa yenye mahari mengi iliyokuja kabla ya wakati, na kwa kuvumilia masengenyo ya jirani wasemao kuwa amemwachilia binti yake, hapo hofu imekuwa upendo. Wazee walisema kweli kuwa binti anataka kuangaliwa. Lakini wa kuangaliwa kwanza ni sisi.